Wafalme wawili mkononi, ree mezani: uchambuzi wa mkono mmoja wa poka

Mchezo ni Texas Hold'em (kila mmoja ana karata mbili mkononi, na tano za pamoja hufunuliwa mezani) isiyo na kikomo cha dau, meza ya watu tisa, blaindi, yaani madau ya lazima ya wachezaji wawili, ni shilingi 100 na 200. Wachezaji wawili tutakaowafuatilia wana mtaji wa shilingi 20,000 kila mmoja, yaani blaindi kubwa 100. Anayecheza kwa dola 1 na 2 agawe kila kiasi kwa mia, hesabu zitabaki zilezile.

Aliyeketi kulia kwa batani (mwenye nafasi ya mgawaji, anayeongea wa mwisho) amepewa mfalme wa shupaza na mfalme wa kopa. Wote waliomtangulia wametupa karata. Anapandisha hadi 800. Batani anatupa, blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa anaongeza 600 zake na kufuata. Katikati kuna fungu la 1,700.

Mgawaji anatandaza flopu, karata tatu za kwanza za mezani: ree ya uru, 8 ya pau, 3 ya kopa.

Blaindi kubwa anagonga meza kwa vidole viwili, yaani anapita bila dau. Mwenye wafalme anaikodolea ile ree kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha anasukuma 1,200. Anafuatwa. Karata ya nne ni 5 ya shupaza. Mpinzani anagonga tena, mwenye wafalme anaweka 2,800 kwenye fungu la 4,100, anafuatwa tena, na safari hii upesi. Karata ya tano ni 9 ya kopa. Fungu limefika 9,700. Sasa yule aliyekuwa akigonga tu tangu mwanzo anaweka 5,000 yeye mwenyewe. Mwenye wafalme anashusha pumzi, anasema "unayo ree wewe", halafu analipa vilevile. Anafunuliwa ree na 10. Zimekwenda shilingi 9,800, karibu nusu ya mtaji.

Mezani wataita mkosi. Ree kushuka ni mkosi kweli, ila mkosi wa kawaida mno: ukiwa na K-K (wafalme wawili), angalau ree moja huja kwenye flopu mara 22.6 katika kila 100, na hadi karata ya tano mara 35. Jambo linalotokea zaidi ya mara moja katika kila tano linahitaji mpango uliokwisha kufikiriwa kabla karata hazijagawiwa. Na kati ya zile 9,800, kama 6,000 mwenye wafalme angeweza kuziokoa mwenyewe.

Blaindi kubwa ana nini?

Swali la "anayo ree au hana?" ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu linataka jibu moja wakati mpinzani ana karata nyingi anazoweza kuwa nazo. Hebu tuzihesabu.

Tuchukue mchezaji wa kawaida anayelinda blaindi yake dhidi ya dau la 800. Atafuata akiwa na (A ni ree, K mfalme, Q malkia, J jeki) jozi kuanzia 2-2 hadi J-J, ree zenye karata ya pili ya aina moja (zote shupaza, zote kopa na kadhalika) kuanzia A-2 hadi A-Q, ree za aina tofauti A-10, A-J na A-Q, K-Q zozote, K-J, K-10, Q-J, Q-10 na J-10 za aina moja, na zile zinazofuatana za aina moja kuanzia 5-4 hadi 10-9. Akiwa na A-K, Q-Q na kuendelea angepandisha tena, kwa hiyo hizo tunaziondoa.

Sasa toa karata zinazoonekana. Ree ya uru iko mezani, zimebaki tatu. Wafalme wamebaki wawili. Ukipiga hesabu kwa makini unapata michanganyiko 158. Ree ni 58 kati ya hiyo, yaani 31 za aina moja na 27 za aina tofauti. Tatu za 8 (mwenye 8-8 akiungana na ile ya mezani) ni michanganyiko 3, tatu za 3 nyingine 3. Jumla ya inayomshinda mfalme ni 64. Iliyobaki, 94, iko nyuma.

Kwa hiyo ree ikiwa imekaa pale mezani, wafalme bado wanaongoza mara 59 katika kila 100. Wanaotupa K-K kwa dau la kwanza baada ya kuona ree hawajawahi kukaa na kalamu wakahesabu hivi. Ila mwenye wafalme wetu hakutupa, alikosea upande wa pili. Na upande huo ndio unaokula pesa nyingi zaidi, kwa sababu mwenye kutupa hupoteza fungu dogo, na mwenye kusukuma pesa hupoteza fungu kubwa.

Dau la 1,200 lililipwa na nani?

Dau lina kazi mbili: kulipwa na karata dhaifu, au kufukuza karata zenye nafasi ya kukupita. Tulipime lile la 1,200 kwa kazi hizo.

Theluthi mbili ya fungu ni bei kali kwa mwenye 5-5 anayetazama ree. Atakaolipa kwa kawaida ni ree zote, zile tatu-tatu, halafu katika walio nyuma J-J, 10-10, 9-9, na walioshika 8 (9-8 na 8-7). Walio nyuma hapo ni michanganyiko 24, walio mbele ni 64. Maana yake, kabla ya dau ulikuwa unaongoza asilimia 59; ukishafuatwa unaongoza asilimia 27. Hakuna karata iliyobadilika mezani. Dau lenyewe ndilo lililochuja watu, likakuachia wale unaowaogopa.

Kufukuza je? Angalia waliofukuzwa. K-Q ya aina tofauti ina kama asilimia 2 tu ya kukupita hadi mwisho, kwani inahitaji J na 10 zote mbili au Q mbili. Jozi ya 6-6 inasubiri 6 mbili zilizobaki, kama asilimia 9. Kuwatoa hao ni sawa na kumwekea mlinzi duka lisilo na bidhaa.

Yako maelezo ya tatu yanayopendwa sana vijiweni: "niliweka dau nijue nimesimama wapi." Tuyachukulie kwa uzito kidogo. Alilipa 1,200, akapata taarifa kwamba mpinzani anafuata licha ya ree. Taarifa nzuri. Kisha akaifanyia nini? Akaweka 2,800. Ukinunua gazeti ukafungia nalo vitumbua, usiseme ulitaka habari.

Dau dogo ni jambo jingine kabisa. Angeweka 550, theluthi ya fungu, orodha ya walipaji walio nyuma ingepanuka: jozi za 4-4 hadi 7-7 (24), 9-9 hadi J-J (18), wenye 8 (6), hata 5-4 inayosubiri 2 ikamilishe mfululizo (4). Jumla 52 dhidi ya 64. Bado uko nyuma kidogo ukifuatwa, lakini wale 42 wengine wanatupa hapohapo na fungu linabaki dogo. Programu za kukokotoa poka, kama PioSOLVER, aghalabu huchanganya mawili kwenye flopu kavu ya namna hii, isiyo na nafasi nyingi za mfululizo wala za aina moja: mara dau dogo, mara kugonga. Dau kubwa huliacha kwa wenye ree nzuri, wenye tatu za aina, na wanaotishia nyau.

Kugonga, halafu?

Kwa K-K hasa, ukiwa wa mwisho kuongea, kugonga ndilo chaguo jepesi na zuri dhidi ya wachezaji wengi. Sababu iko kwenye karata yenyewe: mfalme hana wa kumzidi isipokuwa ree, na ree imeshashuka. Karata ya bure unayompa mpinzani haina madhara makubwa. Hata ree ya pili ikija karata ya nne ni habari njema, maana zimebaki mbili tu za yeye kushika.

Linganisha na walio chini. Q-Q kwenye flopu hii ikimpa karata ya bure mwenye K-J, wafalme watatu wanamwokoa, asilimia 6.7 kwa karata moja. J-J dhidi ya K-Q ina hatari maradufu, karata sita kati ya 45, zaidi ya asilimia 13. Ndiyo maana J-J na 10-10 zina haja ya lile dau dogo kuliko K-K, ingawa mkononi zinaonekana dhaifu zaidi. Wachezaji wengi hufanya kinyume: wenye J-J wanagonga kwa woga, wenye K-K wanapiga kwa hasira.

Tuseme basi mwenye wafalme amegonga. Fungu ni 1,700 na inakuja ile 5 ya shupaza.

Mpinzani mwenye ree na 10 sasa anaamini huna ree, naye anataka kulipwa. Anaweka 1,000. Unalipa 1,000 ili kushinda 2,700 (1,000 kati ya fungu zima la 3,700), kwa hiyo unahitaji kuwa mbele mara 27 katika 100. Ile 5 imebadilisha hesabu kidogo (5-5 sasa ni tatu za aina, A-5 imepungua mchanganyiko mmoja), walio mbele yako ni 66. Ili kufuata kulipe, wanatosha 25 hivi walio nyuma wanaoweka dau hapa. Wapo? 9-9, 10-10 na J-J wanaoona umeonyesha udhaifu ni 18. Wenye 8 ni 6. 7-6 imepata 5-6-7-8 na inasubiri 4 au 9, hao ni 4. 5-4 na 6-5 zimepata jozi, 6. Tayari ni 34, kabla ya K-Q au Q-J iliyokosa kila kitu na kuamua kubahatisha. Si wote watakaoweka dau kila mara, na 7-6 bado ina karata nane za kukupita, lakini hata walio mbele si wote watakaoweka. Unafuata bila kuumiza kichwa.

Karata ya tano, 9 ya kopa. Fungu 3,700. Anaweka 2,000. Hapa unahitaji asilimia 26, na hapa ndipo pa kumtazama mtu kuliko karata. Mchezaji anayependa kupiga kila anapoona mwenzake kalegea analipwa. Mzee mpole ambaye kwa saa tatu hajaweka dau la pili bila karata, unamtupia wafalme wako kifudifudi na maisha yanaendelea. Akiweka fungu zima, 3,700, unahitaji asilimia 33. Kwenye meza za dau dogo watu hawatishii nyau kiasi hicho mara kwa mara, kwa hiyo tupa.

Tuseme ulilipa zile 2,000 na akafunua ree na 10. Umepoteza 800, 1,000 na 2,000, jumla 3,800. Mwenye wafalme wetu alipoteza 9,800. Tofauti ni 6,000, blaindi kubwa 30, mbele ya karata zilezile na mpinzani yuleyule.

Na kama mpinzani alikuwa na J-J? Kwa mchezo wa awali analipa 1,200 kwenye flopu, anaziacha karata akiona 2,800. Mwenye wafalme anaondoka na faida ya 2,100. Kwa njia ya kugonga, J-J anagonga tena karata ya nne akiwa ameanza kuamini yuko mbele. Unaweka 900, analipa. Karata ya tano anagonga, unaweka 1,500, anakuna kichwa na kulipa. Faida ni 3,300. Hatalipa dau la pili kila mara, lakini akilipa la kwanza pekee una 1,800, hujapishana sana na ile 2,100. Njia ileile iliyokuokolea 6,000 mbele ya ree haikugharimu kitu cha maana mbele ya jozi.

Yale malipo ya mwisho

Turudi kwenye 5,000, kwa kuwa hata baada ya makosa mawili hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Kulipa 5,000 ili kushinda 14,700 kunahitaji asilimia 25.4. Bei nzuri, utasema. Lakini bei nzuri ya kitu kibovu haifai.

Pitia meza: ree ya uru, 8 ya pau, 3 ya kopa, 5 ya shupaza, 9 ya kopa. Hakuna aliyekuwa akisubiri karata tano za aina moja, maana kwenye flopu kila karata ilikuwa ya aina yake. Aliyekuwa akisubiri mfululizo kwa 7-6 ameupata. Mwenye 9-8 amepata jozi mbili. J-J na 10-10, hata kama ziling'ang'ania hadi hapa, zingegonga zikitumaini kufunguliwa karata bure. Sasa nani anaweka 5,000 akiwa na kitu kilicho chini ya K-K, baada ya kulipa madau mawili makubwa? Huwezi kumtaja mmoja. Kama mikono iliyo mbele yako ni 40, ungehitaji kumpata mtu wa kutishia nyau mara 14, na hayupo. Usipoweza kumtaja kwa karata zake anayekudanganya, hudanganywi.

Jambo la pembeni lenye thamani: mtu anayegonga, anafuata, anagonga, anafuata, kisha anaibuka yeye na dau karata ya mwisho, kwenye meza za chini huwa ana kitu karibu kila mara. Hajiamini kwamba utaweka dau la tatu, na hataki kukosa.

Mambo yakibadilika

Wakiwa wengi kwenye fungu, hesabu inageuka haraka. Chukua karata za kubahatisha kabisa, bila kuhesabu kwamba watu hupenda kubaki na ree: mpinzani mmoja ana ree mara 12.5 katika 100; wapinzani wanne, angalau mmoja anayo mara 43.6. Ongeza upendeleo wa watu kwa ree, hata A-4 ya aina tofauti, na K-K mbele ya watu wanne ni karata ya kugonga na kulipa dau dogo mara moja tu. Ikiwekwa dau na kupandishwa kabla hujafikiwa, tupa.

Ukiwa ulipandisha tena kabla ya flopu, mizani inakuegemea zaidi. Wewe ndiye unayeweza kuwa na A-A na A-K, mpinzani aliyefuata ana jozi nyingi za 9-9 hadi Q-Q na ree chache teule. Fungu likiwa 4,900, dau la 1,300 hadi 1,600 linatosha. Q-Q italipa mara moja kwa uchungu. Ukipandishiwa hapo, acha.

Ukiwa wa kwanza kuongea, kugonga kunakuwa na bei, kwa sababu mpinzani naye anaweza kugonga ukakosa kulipwa, au akaweka dau ukabaki gizani. Dau dogo la theluthi linasaidia kuweka bei unayoitaka wewe.

Flopu kama A-J-10 zenye mbili za aina moja ni ulimwengu mwingine. K-K imepata nafasi ya mfululizo kwa Q nne, hilo ni jema, lakini K-Q imeshakamilisha, A-J na A-10 ni jozi mbili, na Q yenyewe ikija mwenye K yoyote anagawana nawe. Hapo usitafute thamani. Gonga, lipa kwa bei nafuu, na ile Q isipokuja usijifanye hujui.

Na ree ndiyo mbaya kuliko karata zote zinazoweza kushuka juu ya jozi yako, kwa kuwa ndiyo watu wanayoishika zaidi. J-J kwenye flopu ya K-7-4 ina hali nzuri kuliko K-K kwenye flopu ya ree mbele ya watu wanaobaki na ree yoyote, maana wenye mfalme kwa kawaida ni K-Q, K-J na chache nyingine. Endelea na dau dogo bila wasiwasi. J-J hukutana na karata ya juu yake kwenye flopu mara 57 katika 100, Q-Q mara 41, 10-10 karibu mara 70, kwa hiyo ukingoja flopu safi ndipo ucheze jozi zako, utangoja sana.